Kitambaa Changu na Airbag ya Mutua

Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kutoa makamasi, mvua hakuna.

Leo nimejiaibisha mbele ya soko lote la Kalamba. Naandika vile ilikuwa, hata pale makosa ni yangu (ni karibu kila mahali).

Ndugu yangu mdogo, Mutua, alikuja na gari yake mpya atupeleke hospitali ya Tawa, mama aangaliwe macho. Nilipokaa mbele nikakumbuka pickup ya marehemu baba. Ile haikuwa na mshipi wala nini. Baba akikanyaga breki alikuwa ananyoosha mkono wa kushoto anakushika kifuani. Mkono ulinuka tumbaku na dizeli. Mpaka leo breki ikikanyagwa huwa naungoja.

Lakini kuna jambo la hiyo pickup nimemficha Mutua tangu tukiwa watoto. Siku moja ilijibingirisha yenyewe ikavunja ghala la mahindi, na Mutua ndiye alichapwa. Handibreki niliitoa mimi. Kila akija nyumbani najiambia leo nitasema. Halafu namwona anacheka na mama, naogopa nikisema ataacha kuja.

Sasa, kwetu kitu kizuri hakikai uchi. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa maji una chake. Dashibodi ya Mutua ilikuwa uchi kabisa. Nikatandaza kitambaa cheupe cha maua nilichofuma mwenyewe, nikakibana na gundi kidogo kisianguke.

Mutua akaniambia nikitoe, airbag, ule mfuko wa hewa, inatokea hapo. Nikamwuliza ni mfuko gani, mbona siuoni. Akasema umekunjwa ndani, gari ikigonga unafura kabla hujapepesa jicho, unakupokea kichwa. Nikamjibu basi ukitoka utakuta kitambaa safi. Mama akacheka. Mutua akachoka na mimi, tukaondoka. (Kusema haki, alinikumbusha tena njiani. Na alikataa kuwasha gari mpaka sote tufunge mishipi, hata mama kule nyuma.)

Tukifika sokoni Kalamba, punda wa kubeba maji akaingia barabarani. Punda simlaumu, alikuwa anamfuata mwenzake. Mutua akamkwepa, tukaingia kwa rundo la kokoto.

Pu!

Halafu kimya. Mbele yangu kukawa kweupe, kweupe kote, na katika huo weupe matundu matundu kama maua. Harufu ya fataki. Nikajua nimekufa. Nikashangaa kidogo kwamba mbinguni nako wanafuma, tena mtindo wangu. Nikaona nisipoungama sasa nitaulizwa mlangoni, nikapaza sauti yote niliyo nayo.

"Mutua, nisamehe. Handibreki ya baba niliitoa mimi. Ulichapwa bure."

Kisha nikasikia sauti ya Mama Kioko, ambaye tunakaa benchi moja kanisani.

"Mwende, toa kwanza hicho kitambaa usoni."

Nikatoa. Soko zima lilikuwa dirishani. Airbag ilikuwa imenywea mapajani mwangu, unga mweupe kila mahali. Mama mzima, Mutua mzima. Mimi pua tu imechubuka, na si airbag iliyonichubua, ni ile gundi.

Fundi mmoja wa hapo sokoni akanieleza kwa upole kama mtoto. Mshipi unakuzuia nyuma, airbag inakupokea mbele, kimoja bila kingine ni hatari. Na chochote ukiweka juu yake kinakurukia. Akasema nishukuru nilifuma uzi, kuna watu huweka chupa ya maua. (Chupa ilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimeifikiria.)

Mutua hakucheka. Alikuwa ananiangalia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na mimi ndiye nilileta fimbo," mama akasema kutoka nyuma, kwa sauti ndogo.

Gari ilivutwa mpaka gereji. Tawa hatukufika, macho ya mama tutayapeleka siku nyingine. Kurudi nyumbani kwa matatu Mutua alikaa kiti cha mbali na mimi, nikajua nimempoteza.

Jioni nimepika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, na ndengu, nikampakulia wa kwanza. Amekula polepole, akamaliza, akanirudishia sahani.

"Viboko vilikuwa sita," akasema. "Ongeza."

Nimeongeza mpaka sufuria ikabaki tupu, mimi nimekula ukoko. Mkinikuta kanisani Jumapili, tafadhali msiniulize kama mbinguni wanafuma.