Gia za Umeme na Safari ya Kaagya

Jumatatu, 15 Septemba

Gia za umeme zimefika! Mehul kanifungulia boksi juu ya kaunta ya duka lake, Bukoba mjini. Betri, nyaya, vitufe viwili vya kwenye ncha za hendeli, na kile kimkono cha nyuma cha kuhamishia cheni, safari hii kina mota. Unabonyeza, cheni inahama yenyewe. Baiskeli yangu ya triathlon ni mtumba, lakini kwa gia hizi Rwekaza atanikoma. Rwekaza ni jirani yangu hapa Kemondo. Gia za baiskeli yake ni za waya wa kuvuta, na siku za kazi anabebea ndizi. Jumamosi tunashindana: kuogelea Bukoba, baiskeli hadi Muleba, kumalizia kwa miguu.

Jumamosi hiyohiyo jioni natakiwa ukweni Kaagya kumrudisha Dativa. Mke wangu yuko kwao tangu Mei, pamoja na binti yetu Evodia. Eti nilikosa Komunyo ya Kwanza ya mtoto kwa sababu ya kufuata baiskeli mjini. Nilikosa misa tu. Pilau niliiwahi.

Jumatano, 17 Septemba

Kupitisha nyaya ndani ya fremu ni mateso. Waya unaingia, hautoki. Nimejaribu spoku, nimejaribu uzi, mwisho nimevunja spika ya redio nipate sumaku ya kuuvuta. Redio ilikuwa ya Dativa.

Baba mdogo Ildefons, atakayenisemea ukweni, kaja akanikuta nimelala chini ya baiskeli. Akasema wakwe wamekubali kwa shida, na hakutakuwa na kikao kingine. Nivae suti. Mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ataubeba yeye. Ila niwepo mapema, maana mume asipokuwepo, msemaji hana la kusema. Nikamwambia asihofu, gia za umeme zinaokoa muda. Akauliza muda huo ninaupeleka wapi. Wazee na teknolojia!

Nyumba imekuwa kimya mno. Leo nimejikuta naongea na baiskeli.

Ijumaa, 19 Septemba

Zinafanya kazi! Ziii, cheni inapanda. Ziii, inashuka. Nimeshinda senta tangu asubuhi nikiwaonyesha watu. Rwekaza alipopita na ndizi zake nilibonyeza mfululizo, makusudi. Akauliza chaji inakaa muda gani. Wivu huo.

Jioni umeme umekatika. Si neno, betri ni mpya.

Evodia kanipigia kwa simu ya mama yake. Ameuliza kama kesho nitakuja kweli. Nikamwambia kabla jua halijazama. Akanong'ona kwamba mama ameanza kukunja nguo. Nimefurahi mpaka nikashindwa kula.

Jumamosi, 20 Septemba

Ziwa lilikuwa baridi. Nilitoka majini wa pili kutoka mwisho, lakini kwenye baiskeli niliwapita watu, Rwekaza akiwemo. Kufika Kemondo, mbele ya nyumba yangu mwenyewe, betri ikafa. Cheni ikaganda kwenye gia nzito kuliko zote, na mbele yangu ni milima mpaka Muleba. Suti ilikuwa inaning'inia barazani, naiona. Mtu mwingine angeivaa akaenda ukweni. Lakini Rwekaza alikuwa nyuma yangu. Nikasukuma.

Akanipita kwenye mlima wa kwanza, akanipa pole. Ile pole iliniuma kuliko mlima. Muleba nilifika wanakunja maturubai.

Gari la kurudi lilichelewa. Kaagya nimeingia giza likianza, sijapita nyumbani, nimevaa kile kibukta cha mashindano kinachobana kila kitu. Mama mkwe, ambaye hapaswi kuona hata goti langu, alinitazama mara moja, akajifunika uso kwa kitenge, akaingia ndani. Baba mkwe akageuza kiti, akakaa akitazama ukuta. Baba mdogo Ildefons alinyanyua mtungi wake, haujafunguliwa, akaondoka.

Begi la Dativa lilikuwa mlangoni, limefungwa. Evodia alikuwa amelikalia, amevaa viatu. Dativa akamwinua mtoto, akalirudisha begi ndani. Moyo uliniuma, sijawahi kuumia vile. Nilitaka nimweleze kuhusu betri, ila mlango ulikuwa umeshafungwa.

Jumanne, 23 Septemba

Shemeji Avit kaja na pikapu kuchukua vitu vya dada yake. Masufuria, cherehani, kitanda. Mwisho godoro la Evodia. Tulibeba pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Kisha nikaenda nyuma ya migomba nikalia.

Niliporudi nikakiangalia chumba. Kumbe ni kipana. Meza ya ufundi itaenea vizuri, pale dirishani. Nimefikiri sana na nimeona kosa lilipokuwa: betri ilikuwa moja. Zingekuwa mbili, ningefika Muleba, nikarudi, nikavaa na suti.

Avit alipowasha gari nikamwomba, maadamu anapitia mjini, anichukulie betri ya pili kwa Mehul. Hakunijibu. Injini ilikuwa na kelele. Nitampigia.