Mtoto wa Ishirini

Jumatatu, 3 Machi
Hali mbaya. Utafiti wetu unalinganisha watoto wa lugha moja na wa lugha nyingi. Wa lugha nyingi wamejaa hadi koridoni. Wa lugha moja ninao kumi na tisa. Natakiwa nilete ishirini. Mkuu wa utafiti amesema nisipompata wa mwisho kufikia Ijumaa, mkataba wangu hauongezwi. Bi Takwimu, mwenzangu wa meza ya dirishani, amenipa pole huku akitabasamu. Mnafiki!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Mpwa wangu, miaka minne. Fomu hujazwa na mzazi, lakini mjomba naye si mzazi? Lugha nyumbani: moja. Wengine wanaoishi na mtoto: hakuna. Mama yangu anaishi nao, chumba cha pili, na ana lugha yake. Nimemruka. Dada amesaini huku ameshika sufuria.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi. Nimemwahidi mpwa baluni akiongea lugha moja tu mbele ya wageni. Amekubali. Kisha akamgeukia bibi yake, akamsimulia mpango mzima kwa lugha ya bibi. Mama amenikata jicho hadi nikajifanya napigiwa simu.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya kipimo. Mkuu anatazama nyuma ya kioo. Bi Takwimu akaonyesha picha ya kijiko. Mpwa akakitaja vizuri. Nikashusha pumzi. Akakitaja tena kwa lugha ya bibi, kisha kwa ya jirani, halafu akasema, "Hayo mawili mjomba amenikataza. Baluni yangu iko wapi?"
Kwisha habari yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeingia kwa Mkuu. Kumbe tangu jana anawapigia wazazi simu. Kati ya wale kumi na tisa, kumi na mmoja hushinda kwa majirani wa lugha nyingine. Fomu yetu haikuwahi kuuliza mtoto anashinda wapi!
"Umedanganya, na nimekasirika," akasema. "Lakini bila huyo mtoto tungechapisha upuuzi."
Makundi yamefutwa. Sasa tutahesabu saa ambazo kila mtoto husikia kila lugha, nyumba kwa nyumba. Kazi ni nyingi, kwa hiyo nimeongezewa miezi mitatu. Nimefurahi mpaka nikalia chooni. Nimeapa: uongo basi.

Jumamosi, 8 Machi
Kuhesabu saa si kugumu kama nilivyodhani. Leo nimemaliza familia tatu nikiwa kitandani, bila kumuuliza mtu. Wiki ijayo namaliza zote zilizobaki.