Shaba ya Mzee Tao

Qu Liang alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Asubuhi moja hapo Hangzhou, akiwa amebakiwa na noti chakavu chache, tena za kukopa, alimwona Mzee Tao, muuza chumvi, akijaza sarafu za shaba kwenye mitungi uani. Mzee huyo hakuziamini noti za karatasi za watawala wa Kimongolia. Alisema panya hula noti, lakini shaba huwavunja meno.

Liang aliingia, akakaa bila kukaribishwa, akashusha pumzi kama mfiwa. Akasema ana binamu jikoni kwa gavana, na binamu amesikia kwamba mfalme mpya anaziharamisha sarafu zote. Atakayekutwa nazo ni viboko.

"Lini?" Mzee Tao aliuliza, huku akiufunika mtungi kwa kiganja.

"Wakati wowote, mzee wangu. Mimi nina nahodha wa Japani atakayezichukua. Ila bei ndiyo hiyo ya msibani, ya kutupa."

Mzee Tao akazipokea noti zile chakavu bila kuzihesabu, na Liang akatoka akikokota mkokoteni uliojaa shaba na kupiga mluzi. Akatua kwa muuza tambi, akaagiza bakuli kubwa. Hajalimaliza, ngoma ikalia, mpiga mbiu akatangaza: kuanzia leo, kwa amri ya mfalme mpya, sarafu za shaba ni marufuku.

Tambi ilimkwama kooni. Tangu azaliwe hajawahi kusema kweli kwa hasara kubwa kiasi kile.

Kumbe Mzee Tao, kwa furaha ya kuponea viboko, alikuwa amemsifu mbele ya soko zima. Askari wakaja wakampeleka, yeye na mkokoteni wake, kwa mkuu wa mtaa, aliyetaka kujua jambo moja tu: siri ya mfalme aliipataje? Liang akaona kote ni fimbo. Akisema alijua, ni mwizi wa siri. Akisema alidanganya, ni tapeli, na Mzee Tao aliyetapeliwa yule pale mlangoni.

Miaozhen, mtawa aliyekuwa pale akiomba mchango wa kengele ya hekalu, akautazama mkokoteni.

"Huyu ni wetu, mheshimiwa," alisema. "Amefunga mno, ndiyo maana anaoteshwa. Shaba hiyo ametununulia ya kengele. Au siyo, mwanangu?"

Liang aliitazama shaba, akaitazama fimbo. "Ndiyo, mama," akajibu, kwa sauti ya mtu anayejizika.

Hekalu liko kilimani, na mkokoteni aliusukuma mwenyewe, jasho linamchuruzika. Mzee Tao alimfuata kwa heshima zote. Walipofika kwenye kona, akamsogelea sikioni na kumuuliza kama ameoteshwa lolote kuhusu bei ya chumvi.

Liang akasimama, akapangusa uso, akafumba macho kwa muda.

"Nimeoteshwa," alisema. "Lakini ndoto ya chumvi, mzee wangu, haisimuliwi bure."