Tembe Lilelile, Umaskini Tofauti

Kikuyu, Dodoma.

Ndugu Katibu,
Mfuko wa Masomo ya Ng'ambo, Nyanda za Kati.

YAH: MWANANGU JORDAN KUNYIMWA UFADHILI

Kichwa cha barua hapo juu kinahusika, tena kinauma. Nafasi ya kusomea uhandisi Uturuki, ambayo Mfuko wako humlipia kijana asiye na uwezo karo, chakula na tiketi, mmempa Anyesi, binti anayekuja kutufulia nguo. Jordan mmemwandika wa akiba. Naandika kwa heshima zote, nikiwa nimekasirika sana.

1. Fomu yenu ilitaka mwombaji akaguliwe nyumbani. Nyumba yangu ina vigae na geti linalojifungua lenyewe, mambo ambayo yangewachanganya wakaguzi bure. Kwa kuwajali, tulikodi kwa siku moja tembe, nyumba ya udongo, la Bibi Priska kule Zuzu, tukakaa humo mimi, mke wangu Yudith na Jordan, pekupeku tangu asubuhi. Nani mwingine alijitaabisha hivyo?

2. Wakaguzi waliandika kwamba Jordan aliuliza soketi iko wapi. Kuuliza si ujinga. Asiye na soketi ndiye anayehitaji msaada.

3. Siku ya tatu wakaguzi walewale walirudi kwenye tembe lilelile kumkagua Anyesi, maana Bibi Priska ni bibi yake mzaa mama. Ukuta uleule, mbuzi walewale. Kwake mkaona umaskini, kwetu mkaona maigizo. Huu ni ubaguzi, hasa ukizingatia kwamba sisi tulilipia kukaa mle, yeye anakaa bure.

4. Anyesi amezaliwa na umaskini, wanajuana. Akilala njaa huko Uturuki hatashtuka. Jordan hana uzoefu wowote. Sasa nani ataumia zaidi bila ufadhili?

5. Tulishafanya sherehe ya kumuaga. Mchungaji alimwombea safari njema, shangazi zake wa Mpwapwa wakamletea makoti mawili ya baridi. Mtaa mzima unajua ameshapanda ndege, kwa hiyo mchana hatoki nje. Hapa sitanii, Ndugu Katibu. Mtoto anaona haya, na aliyemtia humo ni mimi.

Naomba nafasi apewe mwenye shida mpya. Mwenye shida ya zamani anaweza kusubiri mwakani, kwani mvumilivu hula mbivu.

Wasalimie wakaguzi, dereva wao na wote wa nyumbani kwako. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa hili.

Wako katika unyonge wa muda,
Zablon Chidawali

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, Jordan ameniambia kwamba ile insha yake ya "Kwa Nini Ninastahili", mliyoisifu sana, aliandikiwa na Anyesi huku nguo zetu zikikauka. Maswali ya hesabu pia. Basi kama ni lazima binti huyu aende, tafadhali wapelekeni wote wawili chuo kimoja. Jordan peke yake hatamaliza hata wiki.