Kauntachi Yangu Imekatiwa Tiketi ya Mkokoteni

Butimba, Mwanza
14 Agosti, 1993

Mzee wa Kalamu Nyekundu, Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Mimi ni fundi wa kujifunza mwenyewe, na nimedhalilishwa kivukoni mbele ya umati.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naenda Sengerema kwa akina Getruda, mchumba wangu, na Lambogini Kauntachi, lile gari la mbio la Wataliano. Tena siyo ile ya kawaida, ni ile ya kasi zaidi, yenye bawa nyuma! Nimeiunda kwa mapipa ya lami, miezi saba, naangalia picha ya kalenda kwa kinyozi. Karani wa tiketi, Bwana Venant, kalizunguka gari mara mbili, kacheka mpaka kofia ikadondoka, halafu kaandika: MKOKOTENI. Nalalamika hivi:

1. Mkokoteni gani milango yake inafunguka kwenda juu? Nilimfungulia aone. Mlango ukapiga beseni la mama mmoja, dagaa wakaruka mpaka ziwani walikotoka. Hiyo siyo nguvu?

2. Eti halina injini. Ndugu Mhariri, nembo ya gari hili ni dume la ng'ombe. Wazungu wamechora moja, dogo, kwenye bati. Mimi nimefunga manne, mazima, yanapumua! Nani ana gari na nani ana picha?

3. Eti halina honi. Hapohapo dume la kushoto likalia, na abiria wote wakapisha njia.

4. Nikapangwa nyuma, na mbuzi. Lori la pamba likapita mbele kwa madaha, likazimika palepale pa kupandia. Nani alilivuta mpaka ndani? Mimi! Sasa mkokoteni ni upi?

Naomba tiketi iandikwe upya. Na kwa kuwa siku hizi ni soko huria, Wataliano waruhusiwe kuja Butimba kujifunza.

Wasalimie wote ofisini, hata yule anayekata barua ndefu.

Wako katika mwendo kasi,
Alexander Maige, Fundi

N.B. Nilifika salama. Baba Getruda amelipenda sana gari, hasa upande wa mbele. Yale madume manne ndiyo yaliyokuwa yamebaki kwenye mahari, ameshayaingiza zizini. Kauntachi iko uani kwake, kuku wanatagia. Getruda anataka turudi nayo Mwanza, yeye amekaa ndani, mimi nasukuma. Ila nimeulizia: gari lisilo na injini halipandi kivuko, mkokoteni unapanda. Kwa hiyo barua hii usiitoe gazetini kwanza, Bwana Venant asije akabadilisha mawazo. Mzee wa Kalamu, ungekuwa wewe ungefanyaje?