Kuro wa Posa

Jumatatu, 4 Agosti

Wilbert ametundika pembe za nyati dukani kwake. Tunauza mapazia yaleyale, kontena lilelile kutoka bandarini, tunatazamana mlango kwa mlango hapa Kariakoo. Ila tangu leo wateja wanaingia kwake kwanza kupiga picha na pembe. Wakishapiga wanaona aibu kutoka mikono mitupu. Wananunua. Mimi nimekaa na feni yangu.

Nimefunga mapema, nikawaza. Jumapili napeleka posa kwa kina Jovitha, Kimara. Ni Wachaga wa Marangu. Jovitha ameshanionya kwamba baba yake, Mzee Robert, haruhusu posa itajwe kabla hajameza kipande chake cha nyama. Na mzee ametamka kwamba safari hii anatamani nyamapori. Nikasema nyama naleta mimi.

Basi, mnyama mmoja. Nyama kwa mzee, pembe kwa ukuta wangu. Wakati mwingine najiogopa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempata Bakili. Tumekua wote Tunduru, sasa ni mwindaji Rufiji, mwenye leseni na kibali. Kibali chake kimebakiza mnyama mmoja, dume, swala pala au kuro, yule mkubwa wa kando ya mito. Anashauri swala kijana, nyama laini, hata kibogoyo anamaliza sahani. Nikauliza pembe zake zikoje. Akauliza kwani kwa kina Jovitha wanakula pembe. Watu wa porini hawana maono.

Jovitha amepiga simu. Amesema nilete swala na nisijifanye mjanja. Nimekubali. Ukuta nimeshaupima.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzangu wako kwenye maonesho, mimi niko Rufiji na miiba kwenye soksi. Swala alijitokeza asubuhi. Kijana, mnono, ametulia kama anayepimwa suti. Bakili akainua bunduki. Hapo ndipo nikamwona kuro dume kule mtoni. Pembe! Ndefu, zenye pingili, zimepinda kwenda mbele. Nikamvuta Bakili mkono. Swala akakimbia.

Bakili alinieleza taratibu, kama mgonjwa. Manyoya ya kuro yana mafuta yanayonuka. Ukishika ngozi kisha ukashika nyama, umeiharibu. Tena yule ni mzee, nyama yake itataka nyundo. Nikamwambia nyama ni nyama. Akashusha pumzi, akapiga.

Nimepiga picha nyingi nimemkumbatia kuro shingoni. Kisha nikasaidia kupanga nyama kwenye ndoo. Bakili aliniangalia mikono muda mrefu.

Wakati wa kuondoka nikauliza pembe tunazifungaje kwenye gari. Akasema zinakwenda kukaguliwa na maofisa wa wanyamapori, na zikirudi ni zake, kwa kuwa kibali ni chake. Hilo sikuwa nimeliuliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeichemsha tangu alfajiri. Tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, siki. Harufu inazidi kupata nguvu, nadhani nailisha. Nasreen wa ghorofa ya chini aligonga kuuliza kama bomba la maji machafu limepasuka. Baadaye akaleta fundi. Fundi alinusa ngazi zote za jengo mpaka mlangoni kwangu. Nikamwambia ni dawa ya mende. Mtaa wetu wote wa Mchafukoge sasa unajua nina mende.

Jovitha aliuliza kwa simu kama swala ameiva. Nikasema ameiva sana. Baada ya kukata simu nilikaa jikoni peke yangu. Nampenda yule binti, na nimemdanganya kwa sababu ya ukuta. Nikaongeza binzari.

Jumapili, 10 Agosti

Mjomba wangu alivaa koti la kuazima. Tulitoa shikamoo, tukapewa viti. Loo, na Wilbert yupo! Kumbe ni wa kijiji kimoja na Mzee Robert. Alikuja na mbavu za mbuzi zimefungwa kwenye karatasi, eti mkono mtupu haulambwi huko kwao.

Mzee akapewa kipande chake. Akatafuna. Mjomba alikuwa ameshasimama kusema maneno ya posa, akabaki amesimama. Mzee bado anatafuna. Mwishowe akakitoa, akakiweka pembeni ya sahani kwa adabu, akaniuliza kama swala huyu alifia chooni.

Hakumeza. Kwa hiyo posa haikutajwa. Mjomba akakaa. Mzee akavuta mbavu za Wilbert, akazimaliza, kisha akamuuliza Wilbert kama ameshaoa. Nimeumia. Jovitha hakunitazama hata mara moja.

Jumatano, 13 Agosti

Jovitha amekuja dukani. Nimekiri kila kitu, kuro, pembe, mikono yangu. Alinuna, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya majora ya mapazia. Amemwomba baba yake. Mzee amekubali Jumapili hii, kwa mara ya mwisho. Nyamapori asiisikie tena. Anataka ndafu, mbuzi aliyehasiwa, mnene, nyama laini. Nimpeleke akiwa hai, wamkague wenyewe. Jovitha amesema kazi hiyo haina pa kukosea.

Nimeapa. Nimebadilika kabisa.

Jumamosi, 16 Agosti

Mnadani Pugu. Nimemwona ndafu mapema tu, mnene, mpole, nyama inacheza mgongoni. Muuzaji amemsifu. Nimemshika kamba.

Ila pembeni yake palikuwa na beberu. Mzee wa kazi. Pembe zimejipinda nyuma hadi karibu na mabega, na ndevu juu. Nikamuuliza muuzaji kama pembe za mbuzi zinahitaji kibali. Akasema hazihitaji chochote.

Beberu yuko bafuni kwangu sasa. Ananuka, sikatai, lakini nimenunua sabuni nzuri. Nasreen ameshamwita tena yule fundi.