Jiwe la Angani na Nyota Yangu Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu wa idara ametangaza: nafasi ya ajira ya kudumu ni moja tu. Sisi wa mkataba ni wawili, mimi na Bi Rula. Ijumaa kila mmoja ataeleza alichogundua kuhusu asteroidi yake, yaani jiwe lake linalozunguka jua. Atakayeshindwa atafungasha mwezi ukiisha. Mimi nyumbani nina mke, watoto wawili na mama mkwe anayeamini sina kazi. Lazima nishinde!

Kazi yenyewe si ngumu. Jiwe linajizungusha huko juu, darubini inalipiga picha yenyewe, asubuhi tunapima mwanga wake kwenye kompyuta. Mwanga ukipanda na kushuka, huenda jiwe lina upande mweupe na upande mweusi. Tunalilinganisha na nyota tulivu iliyo katika picha hiyohiyo.

Bi Rula (jina nimempa mimi, hata vikombe vya chai anavipanga kwa mstari) ameniletea orodha ya nyota tano tulivu zilizo pichani, alizozichunguza mwaka mzima. Eti nitumie nyota za mpinzani! Nimechagua yangu. Moja, nzuri, iko pembeni kabisa mwa picha.

Jumanne, 4 Juni

Maajabu! Mwanga wa jiwe langu unapanda hadi mara mbili na nusu ya ulivyokuwa, unashuka, unapanda tena. Upande mmoja mkaa, upande wa pili barafu! Bi Rula alipopita nilifunika skrini kwa koti. Amesema jiwe lake limetulia tu, halina jipya. Nimempa pole. Moyoni naruka.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi nyumbani. Nimechukua kiazi, nusu yake nimeipaka masizi, nimekitundika kwa uzi mbele ya taa na kukizungusha. Watoto wamepiga makofi. Mama mkwe ametazama mpaka mwisho, kisha akauliza najuaje kuwa mwanga umepanda. Nikamweleza habari za nyota.

"Na hiyo nyota, mkwe wangu, nani kaipima?"

Nimemjibu kwa heshima kwamba nyota haipimwi, nyota ndiyo kipimo. Ameguna, akachukua kiazi, akakiosha, akakitia chunguni.

Ijumaa, 7 Juni

Shati jipya. Nimeanza mimi. Neno barafu nimelitaja mara kumi na moja. Mkuu akakaa wima. Nikaiona ajira hii hapa!

Kisha akamwomba Bi Rula alipime jiwe langu palepale, kwa nyota zake tano. Dakika kumi. Jiwe limetulia kama maji mtungini. Kisha akaipima nyota yangu pia. Kumbe nyota ndiyo inayofifia na kung'aa, kila baada ya saa sita! Siku nne nzima nimelisingizia jiwe lisilo na hatia. Barafu hakuna. Mkaa hakuna. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Mkuu alikumbuka lile koti, maana alipita mlangoni siku ile. Akasema mficha uchi hazai. Nafasi kapewa Bi Rula.

Yeye hakucheka. Ameniambia kwa upole, "Ungeniuliza tu, kaka." Hilo limeniuma kuliko yote. Halafu akamwomba Mkuu nibaki miezi sita, nikiwa msaidizi wake. Mkuu kakubali kwa shingo upande.

Nyumbani nimesema ukweli. Mke wangu kanishika mkono. Mama mkwe kanipakulia sahani ikajaa. Nimekula kwa aibu, lakini nimekula.

Jumatatu, 10 Juni

Miezi sita! Inatosha kabisa. Jana niliwaza kutwa nzima. Nyota inayofifia na kung'aa nayo ni ugunduzi, na wa kwanza kuiona ni mimi, hata kama sikujua naona nini. Nitaipima, nitaandika, nitaajiriwa.

Bi Rula ameniletea chai, na ile orodha ya nyota tano. Nimepokea chai. Kipimo ninacho changu, kimoja, na yeye mwenyewe alithibitisha mbele ya Mkuu kwamba kimetulia: lile jiwe.

Ametazama skrini yangu muda mrefu. Kisha akanikumbusha, polepole, kwamba jiwe linasafiri, na keshokutwa halitakuwamo pichani.

Wivu huo.